Uso wa Mchezaji: Bagika, Bagalu na Mashindano ya Ngoma Usukumani

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma, kwa kawaida yake ya zamani, hayahitaji meza ya waamuzi. Vikundi viwili hushika pande mbili za uwanja mmoja na kuanza kupiga kwa wakati mmoja, na watazamaji huachiwa miguu yao. Anayevutiwa na upande huu husogea huku, akichoka huhamia kule. Mwishoni hutazamwa umati mkubwa uko wapi, na walioupata ndio washindi. Chini ya kanuni hiyo mchezaji anaweza asikosee hatua hata moja na bado akashindwa, kwa sababu waliomzunguka wameondoka.

Wazee husimulia kwamba mambo haya yalianza katikati ya karne ya 19, kwa waganga wawili, Ngika na Gumha. Kila mmoja aliamini dawa zake ni kali kuliko za mwenziwe, na kipimo walichokubaliana kilikuwa ngoma: nani atavuta watu wengi zaidi? Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Ushindani huo ukarithiwa na wajukuu na vitukuu. Vikundi vya ngoma vya Usukumani, viwe vya wachezaji wa chatu, vya wawindaji wa nungunungu au vya wakulima, vilijipanga upande mmoja au mwingine, na msimu wake mkubwa ukawa ule wa baada ya mavuno, ghala zikiwa na chakula na watu wakiwa na nafasi.

Miongoni mwa dawa za mchezaji, iliyosifika sana ni samba, dawa ya mvuto, inayomfanya mtu apendeke na kufuatwa. Msomaji asiyeamini dawa asiiruke habari hii haraka. Mtu aliyetoka kwa mganga wake akiwa na hakika kwamba watu watampenda haingii uwanjani akiwa ameinamisha kichwa. Anawatazama watu machoni, uso umekunjuka, anatabasamu kabla hata ngoma haijakolea. Watazamaji wanakiona hicho na kusogea. Naye akiwaona wanasogea, hofu inazidi kumtoka. Nionavyo mimi, sehemu kubwa ya nguvu ya samba ilifanya kazi hapo, kati ya uso wa mchezaji na macho ya umati, na waganga wale walikuwa wajuzi wa jambo ambalo wanasaikolojia wamelihangaikia kwa muda mrefu.

Furaha ya uwanjani ilitengenezwa pia kwa bidii. Manju alitunga nyimbo za kuwachokoza wapinzani ili watu wacheke. Vikundi vilichonga vinyago vya mbao, vingine vyenye viungo vya kuchezeshwa, ili mtu aliyekuwa anaelekea upande wa pili ageuke kutazama. Mchezaji wa chatu ana mtihani wake wa peke yake: nyoka mzito yuko shingoni, na uso lazima uwaambie watu kwamba hakuna la kuogopa.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni Bugobogobo. Hii ni ngoma ya jembe, na ilizaliwa shambani, katika vikundi vya vijana waliolima pamoja kwa mpigo mmoja. Anayejua udongo mzito wa Usukumani, na jua la saa sita mchana, anajua kulima kunavyokunja uso. Vijana hao waliimba, wakarusha majembe juu na kuyadaka, wakataniana, kisha wakapiga tena ardhi kwa pamoja. Mchezo ule ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Uliwawezesha kumaliza shamba ambalo mtu mmoja mwenye huzuni angeliacha nusu. Walipoingia uwanjani kushindana, walikuja na furaha waliyokwisha kuizoea kwenye jasho.

Wataalamu wa nje wamelichunguza kwa njia yao jambo hili, kwamba uso wenye furaha huizidisha furaha na kurahisisha kazi. Mwaka 1872 Charles Darwin aliandika kwamba hisia ikiachiwa ionekane mwilini huzidi kupata nguvu. Mwaka 1988 watafiti waliwashikisha watu kalamu kwa meno, midomo ikakaa kama ya mtu anayetabasamu, nao wakasema katuni walizoonyeshwa zinachekesha zaidi. Jaribio hilo liliporudiwa katika maabara 17 mwaka 2016, matokeo hayakujirudia. Utafiti mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2022, wenye washiriki 3,878 kutoka nchi 19, ulikuta kwamba kutabasamu kwa makusudi huongeza furaha, ila kwa kiasi kidogo. Kwa wakimbiaji kuna kipimo kingine: wakimbiaji 24 waliopimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster walitumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 2.8 walipotabasamu kuliko walipokunja uso. Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, amesema wazi kwamba hutabasamu ili kuyashinda maumivu.

Vipimo hivyo vinamtazama mtu mmoja na misuli ya uso wake. Uwanja wa Bagika na Bagalu una kitu ambacho maabara haina: umati unaojibu papo hapo. Ndiyo maana sishangai kwamba athari iliyopatikana maabara ni ndogo. Tabasamu la pale halikuwa na wa kulipokea.

Huko Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya jiji la Mwanza, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliupa urithi huu makao kuanzia miaka ya 1950. Makumbusho ya Wasukuma yaliyokua hapo yana jengo la vikundi vya ngoma, na sherehe za Bulabo, zinazoambatana na Sikukuu ya Ekaristi, huwakutanisha Bagika na Bagalu hadi leo. Watu hutoka vijijini mapema, na hakuna anayewapangia wasimame upande gani.