Tawasifu na Mwenye Kalamu: Funzo kwa Waandishi wa Nkubu

Nkubu ni mji mdogo wa Imenti Kusini, kando ya barabara itokayo Meru kuelekea Embu kupitia Chuka. Katika mji kama huu hakosekani mzee au mwalimu mstaafu mwenye daftari sandukuni na nia ya kuyaandika maisha yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba swali la kwanza limpasalo mtu huyo si namna ya kuipamba lugha, bali ni nani atakayeshika kalamu, na kwa lugha gani.

Tawasifu ya Kiswahili ina umri mrefu. Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kama Tippu Tip, aliandika habari zake kwa hati za Kiarabu baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Zilichapishwa Berlin mnamo 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Maneno yalikuwa yake, lakini wasomaji wa kwanza walikuwa wageni. Shaaban Robert, alipoandika Maisha Yangu, aliwakusudia wasomaji wa lugha yake mwenyewe.

Nchini Kenya, vita vya Mau Mau ndivyo vilivyozaa tawasifu kwa wingi. J. M. Kariuki alitoa kitabu chake cha kizuizini mwaka 1963, na Waruhiu Itote chake mwaka 1967, vyote kwa Kiingereza. Karari Njama, mwalimu aliyeingia msituni, habari zake zilitoka mwaka 1966 kwa ushirika na Donald Barnett, mtaalamu kutoka Marekani. Na jaladani jina la Barnett ndilo linalotangulia.

Kisa cha Gakaara wa Wanjau ni tofauti. Alikamatwa mwaka 1952, naye akaandika shajara kwa Kikuyu akiwa kizuizini. Ilichapishwa katika lugha hiyo hiyo mwaka 1983, ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata baadaye. Hapa yadhihirika kwamba lugha ya nyumbani haikumfungia mwandishi mlango.

Wameru nao walipigana katika misitu ya Mlima Kenya, chini ya viongozi kama Musa Mwariama. Hata hivyo, masimulizi mengi ya wazee wa Meru yaliyofika katika vitabu yamepitia kalamu ya Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1993. Kazi hiyo ina thamani, lakini aulizaye ndiye achaguaye linaloulizwa. Mzee asiyeandika huzikwa na majibu ya maswali ambayo hakuulizwa.

Kutokana na historia hii, mwandishi chipukizi ana mambo manne ya kuzingatia. Aandike tarehe na majina mapema, kabla kumbukumbu haijafifia. Aandike kwanza katika lugha aliyoyaishi mambo hayo, hata ikiwa ni Kimeru, tafsiri itafuata. Asimpe mchapishaji mswada wa pekee, bali abaki na nakala. Mwisho, kabla ya kutia sahihi mkataba, asome vifungu vya mrabaha, vya tafsiri, na vya jina litakalokaa jaladani. Gakaara alisubiri zaidi ya miaka 20 kabla ya shajara yake kuchapishwa. Iliweza kusubiri kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuandikwa.