Mikono ya Nani?



Wiki hii familia moja ya kanisa letu, wa huku Kawangware, wametuma picha kwenye grupu kutoka London. Mama wa nyumba hiyo anafanya kazi ya kutunza wazee kule Uingereza, na baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu, mume na watoto walipata viza wakamtembelea. Siku yake ya mapumziko wakazunguka mji: saa kubwa ya bungeni, mto Thames, jumba la mfalme, halafu wakaingia kanisa la Westminster Abbey. Pale ukija kuabudu huulizwi pesa, lakini ukija kutazama unakata tiketi. (Wazee wa kanisa msinitazame hivyo, sijapendekeza chochote.)

Picha iliyozua maneno ni ya watoto wamesimama kando ya jiwe la kaburi lililolazwa sakafuni, katikati ya kanisa. Mzee mmoja akauliza, tangu lini watu waliookoka wanalipa pesa kutembelea makaburi? Akajibiwa kwamba aliyelala hapo ni David Livingstone, mmishonari. Basi grupu likatulia. Lakini binti yao mdogo alikuwa ameyasoma maandishi ya jiwe, na maandishi hayo yanaanza kwa kusema kwamba mtu huyu aliletwa na mikono yenye uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Akauliza: mikono ya nani?

Mtoto huyo anastahili jibu, nami nataka nilitoe hapa ili wote tulisome.

Livingstone alifia kijijini kwa Chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Jiwe linataja tarehe 1 Mei 1873. Watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Sasa fikiria hali yao. Mwajiri amekufa. Hakuna wa kuwalipa, hakuna wa kuwaamuru, na pwani iko mbali zaidi ya kilomita 1,500. Wangemzika palepale na kurudi makwao, na hakuna mtu duniani ambaye angewalaumu.

Walikaa kikao wakakata shauri kumrudisha kwa watu wake. Viongozi walikuwa wawili. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi. James Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa kwenye msafara wa watumwa ambao Livingstone na wenzake waliufungua. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari kule Zanzibar, ndiye aliyeupasua mwili na kutoa moyo na matumbo. Vikazikwa chini ya mti. Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India, akasoma ibada ya mazishi na kuchonga maandishi kwenye mti huo. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa siku 14, wakaufunga kwa merikani na gome la mti na turubai. Halima alikuwamo pia, mpishi ambaye Livingstone mwenyewe alimsifu katika maandishi yake. Msisahau kwamba msafara wa watu kama 60 hula kila siku.

Wakatembea miezi. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, wakakutana na luteni Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo. Ushauri wa mzungu mwenye cheo, mwaka 1873, kwa wapagazi! Walikataa. Na mbele ya safari, watu wa vijijini walipogoma kupitishiwa maiti katika nchi yao, walifanya ujanja ambao mimi hunifanya nicheke na kustaajabu kwa pamoja. Walifunga fito zikafanana na mwili, wakatuma watu wazirudishe Unyanyembe kana kwamba wamekubali kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo, yaani mtumba, kama ile inayofunguliwa pale Toi kila asubuhi. Hivyo ndivyo Livingstone alivyopita.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mwili ukalazwa kwa mapadri wa misheni, kisha ukavushwa kwenda Zanzibar na kupandishwa meli ya Uingereza. Hapa ndipo roho yangu inaposhtuka. Wabebaji walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao. Susi na Chuma, walioongoza msafara, hawakupewa nafasi melini. Jacob Wainwright peke yake alisafiri na jeneza, kwa sababu shirika la kimisheni lilimlipia nauli. Tarehe 18 Aprili 1874, katika mazishi ya Westminster, yeye alikuwa mmoja wa wanaume wanane walioshika jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa gharama ya rafiki mmoja wa marehemu, wakakuta kaburi limefungwa. Hata hivyo walikaa na mchungaji Horace Waller na kumsaidia kuzitayarisha daftari za mwisho za Livingstone, maana wao ndio waliokuwapo.

Jumuiya ya Kijiografia ya London iliwatengenezea nishani, ni kweli, na ni vizuri. Lakini kwenye jiwe lile jina la Mwafrika ni moja tu, la Chifu Chitambo, na limeandikwa kwa sababu ndiye mwenye kijiji. Walioibeba ile maiti ni "mikono."

Linganisheni na Marko 15:21. Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika, kwenye nchi ambayo leo ni Libya, alikuwa anapita tu akitoka shamba wakamlazimisha kubeba msalaba. Marko ameandika jina lake, na mji wake, na hata majina ya wanawe wawili, Aleksanda na Rufo. Marko ni mwandishi wa maneno machache kuliko wenzake, lakini hapo hakubana nafasi.

Na sisi wa Nairobi tusiwanyoshee London kidole haraka. Mnashuka matatu Kariokor kila siku. Jina hilo ni Carrier Corps kwa ulimi wa babu zetu, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Walibeba mizigo ya jeshi mpaka Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wako kwenye sanamu ya shaba pale Kenyatta Avenue, pasipo majina. Na ninyi wa Kibera mnajua kwamba mtaa wenu ulianza kwa askari Wanubi wa King's African Rifles, waliopewa msitu ule wakauita Kibra.

Kwa hiyo, binti yetu, ukirudi nyumbani usidhani hadithi imebaki London. Mmoja wa waliobeba mwili ule, Matthew Wellington, Myao naye, aliishi miaka mingi kuliko wenzake wote na akafia Mombasa mwaka 1935. Mombasa yetu hii ya kupanda treni asubuhi na kufika mchana.

Ombi langu leo ni dogo. Kama kwenu kuna babu au baba wa babu aliyekwenda Kariokor, au aliyevaa sare ya King's African Rifles, muulize mkubwa wa familia kabla ya Jumapili. Kisha uandike jina lake hapa chini, jina kamili, na kijiji alichotoka. Wasio na simu wanitumie kwa karatasi, nitayaandika mwenyewe.