Chokaa Ipi? Kutofahamiana katika Ujumbe wa Kiufundi Mji Mkongwe, Zanzibar

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, agizo “ukuta wa nyuma upigwe chokaa” lina maana mbili, na zote ni Kiswahili fasaha. Chokaa huchanganywa na mchanga ikajengewa na kupigiwa lipu. Chokaa pia ni weupe unaopakwa juu ya ukuta ambao lipu yake imeshakauka. Mwenye nyumba akiwa amesimama na fundi mbele ya ukuta, hapana utata: kidole kinagusa lipu iliyobabuka, na fundi anaona kinachotakiwa. Agizo hilohilo likiandikwa kwa simu na mwenye nyumba aliye Muscat, Oman, kidole hakipo.

Makala hii inadai kwamba mazungumzo ya kiufundi ya maandishi mafupi huharibika kwa sababu anayepokea haonyeshi alichoelewa. Uzembe wa msomaji na uhaba wa istilahi, vinavyolaumiwa mara nyingi, ni sababu ndogo kuliko hiyo.

Tulitazame kosa lenyewe. Nyumba za mji huu, uliotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuachia njia. Saruji huuziba, maji na chumvi hubaki ndani, na ukuta hulika nyuma ya uso unaoonekana mzima. Basi fundi aliyepiga lipu ya saruji kisha akaipaka chokaa nyeupe ametii ujumbe neno kwa neno, na ameudhuru ukuta. Atapiga picha na kuituma. Picha itaonyesha ukuta mweupe, ulionyooka, na mwenye nyumba atamshukuru.

Makosa ya namna hii hayastahili kupuuzwa. Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Sayyid Barghash, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu. Chanzo cha mkasa ule si mada yetu, lakini ulitukumbusha kwamba katika majengo haya uamuzi wa fundi ni jambo la uhai.

Mbali na neno, ipo sauti. Tuseme mwenye nyumba amegundua ile lipu ya saruji, akaandika: “Kwa nini umetia saruji?” Kwa mdomo, baada ya kuulizana hali, hili laweza kuwa swali la mtu anayetaka sababu, pengine mawe yalilegea, fundi akaona hana budi. Likifika peke yake, bila hata “habari za kazi, fundi”, husomeka kama hukumu. Unguja salamu ni sehemu ya hoja, kwani humjulisha msikilizaji swali linatoka katika moyo gani. Fundi anajibu, “Sawa bibi, nitaibandua.” Heshima imelindwa, lakini sababu ya kitaalamu haikusemwa, na hitilafu iliyomfanya atie saruji ingali ukutani.

Na hiyo “sawa” ina kazi nyingi mno: nimepokea, nimeelewa, nimekubali, sitaki kubishana na mkubwa wangu. Mwandishi huchagua moja, msomaji huchagua nyingine.

Wapo watakaosema dawa ni istilahi sanifu. Mabaraza ya Kiswahili, BAKIZA la Zanzibar na BAKITA la taifa, yamefanya kazi kubwa, na inafaa iendelee. Hata hivyo, chokaa imo katika kamusi kwa maana zake zote. Kamusi haiwezi kumwambia fundi ni ipi iliyokusudiwa katika ujumbe ule. Ndivyo ilivyo kwa “saa tatu”, ambayo kwa aliyezoea saa za Kiswahili ni 9:00 kwenye kioo cha simu, na wakati huo Muscat ni 10:00.

Wengine watasema Waswahili tumeishi na mafumbo. Ni kweli, na kanga ni ushahidi. Jina la kanga, yaani msemo ulioandikwa juu yake, hupata maana kwa aliyeivaa, mbele ya nani, siku gani. Jirani akihisi amesemwa, mvaaji anaweza kukana. Utata huo ndio uhai wa kanga, kwa kuwa humwezesha mtu kusema bila kuvunja ujirani. Agizo la ujenzi linataka kinyume chake: kila upande ujue umefungwa na nini.

Kwa hiyo napendekeza kanuni moja: katika jambo la kiufundi, “sawa” isihesabiwe kuwa jibu. Mpokeaji arudishe agizo kwa maneno yake kabla ya kushika mwiko, na mwenye kuagiza aone ni wajibu wake kumsubiri: “Nimefahamu hivi, bibi: nibandue lipu yote ya zamani, nipige mpya ya chokaa na mchanga, saruji nisitie kabisa. Lakini pembeni mawe yamelegea, tufanyeje?” Katika sentensi hizo neno limepata maana moja, na fundi amepata nafasi ya kusema anachokijua.