Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yaonekana kuwa ya wenye maduka, lakini hakuna mtu imfaaye zaidi kuliko mkutubi. Mali ya dukani ni nguo na sukari. Mali ya maktaba ni vitabu, picha, filamu na sauti za watu. Mali hii ya maktaba, isipoandikwa daftarini, hupotea kwa namna ya ajabu. Haikuibwa, wala haikuungua moto. Ipo pale pale rafuni ilipowekwa, ila hakuna ajuaye kwamba ipo.

Kitabu, ewe msomaji, ni mgeni mwenye adabu: kikifika mlangoni hujitaja jina. Funua kurasa zake za mwanzo utaona jina lake, jina la mwandishi, mahali kilipopigwa chapa, na mwaka. Kwa sababu hiyo kazi ya kuorodhesha vitabu ilipata kanuni zake mapema. Antonio Panizzi, Mwitalia aliyekuwa mkutubi wa British Museum mjini London, alitoa kanuni 91 mwaka 1841, na waliomfuata walijenga juu ya msingi wake.

Santuri haina adabu hiyo. Ukiipoteza karatasi iliyobandikwa katikati yake, huna unaloweza kusoma. Waona mifuo myembamba tu katika sahani nyeusi. Utepe wa sauti ni bubu zaidi. Vitu hivi havisemi mpaka viwekwe katika mashine, na hata vikisema, mwimbaji aghalabu hasemi yeye ni nani, wala yu wapi, wala siku hiyo ni siku gani. Hayo yote hayana budi kuandikwa na mtu aliyekuwapo, kabla hajasahau.

Tutwae mfano wa nchini kwetu. Hugh Tracey alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1903, akahamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, angali kijana. Alisafiri nchi nyingi za Afrika akinasa nyimbo za wenyeji. Mwaka 1950 alifika kwa Wakipsigis, na miongoni mwa nyimbo alizonasa huko zilikuwamo zilizoitwa Chemirocha. Jina hili lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimepenya mpaka vijijini. Wimbo mmoja ulinaswa Kapkatet. Ndani yake wasichana wanamwimba mgeni huyo wasiyepata kumwona, wakimfanya kiumbe nusu mtu nusu mnyama, na sauti zao zinafuatana na kinubi kiitwacho chepkong.

Tazama sasa taabu ya mwenye kuorodhesha. Nyimbo zilikuwa tatu na jina lilikuwa moja. Lau zingaliandikwa Chemirocha tu, nani angalijua ipi ni ipi? Kwa hiyo zilipewa tarakimu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila wimbo ukaandikiwa habari zake mbali. Mwaka 1954 Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Roodepoort, Afrika ya Kusini. Mwaka 1973 ilitoka katalogi ya santuri zake 210, katika juzuu mbili, nayo yaeleza waimbaji, lugha, ala na mahali. Tracey alikufa mwaka 1977, na maktaba yake ikahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao sasa waitwa Makhanda.

Wakutubi wa nchi nyingine nao walikuwa wakishindana na taabu hiyo hiyo. Mwaka 1967 Waingereza na Wamarekani walitoa kanuni zao, zikiwa na sehemu iliyohusu vitu visivyo vitabu, kama filamu na santuri. Toleo la pili, la mwaka 1978, liliongeza hata faili za kompyuta. Kanuni mpya zilizotoka mwaka 2010 zamtaka mkutubi ajibu maswali matatu ambayo zamani yalichanganywa: Kilichomo ni nini? Chahitaji mashine gani? Kimebebwa na kitu gani? Maana wimbo mmoja waweza kukaa katika santuri, kisha katika utepe, kisha katika faili ya dijitali. Kibebeo hubadilika, wimbo ni ule ule.

Wako wadhanio kwamba kompyuta imeiondoa kazi hii. Hawakufikiri vema. Kompyuta yaweza kupekua maelfu ya kumbukumbu kwa kupepesa jicho, lakini haiwezi kukutajia jina la msichana aliyeimba mwaka 1950 ikiwa hakuna aliyeliandika.

Haya si maneno ya nadharia. Katika miaka ya 2014 na 2015, nyimbo alizonasa Tracey nchini Kenya, zikiwa zimekwisha kugeuzwa kuwa za dijitali, zilirudishwa kwa watu wa vijiji vilikotoka. Wazee walisikia nyimbo za ujana wao. Ni nini kilichowaongoza wachukuzi wa zawadi hiyo mpaka kwenye milango iliyo sawa? Ni yale maandishi ya katalogi: kijiji, kabila, jina, mwaka. Pasipo hayo, nyimbo zingalibaki mbali nasi milele, salama na bila faida.

Hata hivyo katalogi hiyo yatufundisha na jambo la pili, lenye uchungu. Katika wimbo ule wa Kapkatet limeandikwa jina la mwimbaji mmoja. Wenzake wameandikwa kwa neno moja tu: wasichana. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na siku ile lilikuwa jambo la dakika chache kuyauliza yote. Mwenye kuorodhesha, basi, ana mamlaka makubwa kuliko yanavyoonekana, kwani kalamu yake huamua nani atakumbukwa kuwa mtu na nani atabaki kuwa kundi.

Nawe msomaji, huenda simu iliyomo nyumbani mwenu ina uwezo wa kunasa sauti. Ukimnasa bibi yako akisimulia hadithi, simu itaipa faili hiyo tarakimu tupu. Usiiache hivyo. Andika jina lake, kijiji chake, lugha aliyosema, na tarehe. Na kama kuna waliomwitikia, waulize majina yao, uyaandike yote.