Harry Belafonte: Mwigizaji Aliyeshindwa na Herufi

Wengi wetu twamjua Harry Belafonte kwa "Malaika", aliouimba na Miriam Makeba katika albamu yao ya mwaka 1965. Wachache wajua kuwa alianza kama mwigizaji, na kwamba aliacha sekondari kwa kuwa kusoma kulimshinda. Naandika habari zake nikiwa Pumwani, mtaa ambao mbunge wake wa zamani alimjua vyema.

Belafonte alizaliwa Harlem, New York, tarehe 1 Machi 1927. Sehemu ya utoto wake aliishi Jamaica kwa bibi yake. Alikuwa na disleksia, lakini wakati ule hakuna aliyempima wala kumwambia. Alitoka shule bila cheti, na mwaka 1944 akajiunga na jeshi la wanamaji la Marekani.

Disleksia si upungufu wa akili, si uvivu, wala si ugonjwa wa macho. Ni ubongo kupata taabu ya kuunganisha herufi na sauti yake, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Mtoto huweza kuwa hodari wa kusema na kufikiri, ila ukimpa kitabu hukwama.

Huko jeshini alianza kuvisaka vitabu vya W. E. B. Du Bois. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa alienda maktaba akaomba vitabu vyote vya "Ibid", akidhani ni jina la mwandishi, kumbe ni alama tu ya kurejelea kitabu kilichokwisha kutajwa. Mtu wa aina hiyo huwezi kusema hakupenda elimu.

Baada ya vita alikuwa msaidizi wa mtunza jengo. Mpangaji mmoja alimpa tiketi mbili za kuona mchezo wa American Negro Theater, na hapo moyo wake ukaangukia jukwaani. Akasomea uigizaji pamoja na Marlon Brando. Mwaka 1954 alipata tuzo ya Tony, na mwaka huohuo akaigiza katika filamu ya "Carmen Jones". Albamu yake "Calypso" ya 1956 iliuza zaidi ya nakala milioni moja.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa eneo hili lijulikanalo leo kama Kamukunji, alikuwa akitafuta nauli za vijana wa kwenda kusoma Marekani. Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson walitia majina yao katika ombi la michango. Ndege ya Septemba mwaka ule ilibeba wanafunzi 81. Februari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bure, Belafonte alikuja Kenya na UNICEF kuhimiza watoto wasomeshwe. Alifariki tarehe 25 Aprili 2023, akiwa na miaka 96.

Aliyefukuzwa na herufi ndiye aliyewafungulia wengine mlango wa darasa. Lakini si kila mtoto wa Majengo au wa Mji wa Kale atapewa tiketi ya bahati. Wengi huitwa wajinga, hupigwa, kisha huacha.

Dalili zaonekana mapema. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, kwa hivyo mtoto huweza kusoma sawasawa ila polepole mno, na imla humshinda. Kiingereza kikija, ambacho herufi zilezile hubadili sauti, ndipo huzama. Chuoni utamwona amehifadhi sura nyingi kwa kusikia, lakini akifunguliwa msahafu achanganya ba, ta na tha, ambazo umbo lake ni moja na tofauti ni nukta. Maalim akiona hivyo, asikimbilie bakora. Amwite mzazi.

Na mzazi ampeleke mtoto apimwe. Serikali ina vituo vya EARC katika kaunti, vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Mtoto afundishwe sauti za herufi hatua kwa hatua, asomewe kwa sauti, na aongezewe muda wa kazi. Disleksia haiishi, lakini mtoto akisaidiwa mapema atasoma. Hifadhi aliyoipata kwa masikio tayari ni ushahidi kwamba akili anayo.