Kupima Kitu Kizima kwa Kipande Kimoja

Ukikata chungwa kando, utaona duara ndogo. Ukilikata katikati, utaona duara kubwa. Lakini chungwa ni lile lile. Namna gani basi mutu atajua ukubwa wa vitu vilivyofichwa ndani ya jiwe ao ndani ya pafu, akitazama kipande kimoja tu?

Wa kwanza tutakayemutaja ni mutawa, Bonaventura Cavalieri, mwalimu wa hesabu kule Bologna. Katika kitabu chake cha mwaka 1635 alifundisha ya kwamba vitu viwili vyenye kimo kimoja, vikiwa na vipande sawasawa kwa kila kimo, ujazo wao pia ni sawa. Mwaka 1847 Mufaransa Delesse, mujuzi wa mawe, alionyesha ya kwamba sehemu ambayo madini inashika juu ya uso wa jiwe lililokatwa inatujulisha sehemu inayoshika ndani ya jiwe lote. Mwaka 1933 Murusi Glagolev alirahisisha kazi: inatosha kutawanya nukta juu ya uso ule na kuhesabu zile zinazoangukia madini.

Lakini kujua sehemu si kujua ukubwa wa punje. Mwaka 1925 Wicksell wa Sweden alieleza shida mbili. Kisu kinakata punje nyingi kando, nazo zinaonekana ndogo kuliko zilivyo. Tena kinakuta punje kubwa mara nyingi kuliko ndogo. Naye alihesabu kama vile kila punje ni mviringo.

Mwaka 1985 Gundersen na Jensen wa Denmark walitoa njia isiyodai umbo lolote. Nukta ikiangukia punje, pima mustari unaopita hapo toka ukingo hata ukingo, upande wake ukichaguliwa pasipo upendeleo. Zidisha urefu kwa urefu, na tena kwa urefu. Twaa wastani wa majibu yote, uzidishe kwa π, ugawanye kwa 3: huo ni ujazo wa wastani. Lakini wastani huu unawapa wakubwa uzito zaidi, kwani nukta inawapata upesi. Kwa kuhesabu wote sawasawa, njia ya mwaka 1984 inatumia vipande viwili vya jirani: punje inahesabiwa ikiwa inaonekana katika kimoja na kukosekana katika cha pili.

Elimu hii ilifika Afrika yetu pia. Weibel wa Bern na Taylor wa Harvard, pamoja na Maloiy wa Nairobi, walipima mapafu ya nyama wa Kenya, toka nguchiro hata ng'ombe, wakatangaza kazi yao mwaka 1981.

Nasi, mapadri na makatekista, tunafika katika kijiji cha pori la Tshopo siku moja tu, kisha tunasema: «Wakristu wa hapa ni hivi.» Ni kipande kimoja tulichokata. Mwenye sauti kubwa tumemukuta kwanza. Mujane aliyekaa nyuma, kisu chetu hakikumufikia. Tusiache kutembelea, lakini tuchague njia zetu pasipo upendeleo, na kabla ya kuhukumu tuulize: ni nani ambaye sikumuona?