Sio Lazima Uimbe: Watu wa Nyuma ya Maiki Waliojenga Muziki wa Bongo

Ukitaja muziki wa Bongo, watu wote wanamuwaza aliyeshika maiki. Ila ukweli ni kwamba muziki huu umelisha watu kibao ambao hawajawahi kuimba hata kiitikio. Na kila zama swali limekuwa moja: kazi ikishaisha, inabaki kwa nani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi, jeshi na mashirika nao walikuwa na bendi zao. Hapo mpiga gita alikuwa mwajiriwa kabisa, mwisho wa mwezi anasaini mshahara kama karani. Raha ni kwamba alikula hata siku ukumbi ulipokosa watu. Tabu ni kwamba gita lilikuwa la mwajiri. Akihama bendi, anaondoka na vidole vyake tu.

Kurekodi ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kule kulikuwa na fundi mitambo, mtu wa kupanga maiki na kuamua tarumbeta zikae mbali kiasi gani. Zilipendwa unazozisikia leo zimepita mikononi mwake, lakini jina lake nani analijua? Kanda nazo zikabaki maktaba ya redio.

Miaka ya 1990 milango ikafunguka. Radio One ikaingia hewani 1994, na vituo vingine vikafuata. Ghafla kazi zikaongezeka mjini: DJ, promota, mtangazaji wa kipindi cha muziki, na prodyuza. Huyu wa mwisho, akiwa na kompyuta na kinanda, alikuwa bendi nzima peke yake. Ndio maana nyimbo nyingi za bongo fleva zinaanza kwa kutaja jina la prodyuza au studio. Hiyo ilikuwa saini yake, maana mara nyingi alilipwa hela ya kurekodi mara moja, basi.

Msanii naye alipeleka albamu kwa msambazaji Kariakoo, akauza master, akapewa chake. Kanda ikitembea mikoani, yeye anasikia ikipigwa kwenye daladala tu.

Sheria ya hakimiliki ikapitishwa 1999, COSOTA ikazaliwa. Kwenye karatasi, mtunzi wa wimbo ana haki yake hata kama hajaimba. Shida ni kwamba washkaji wengi walimalizana kwa mdomo tu.

Leo kazi zimeongezeka: meneja, mwongozaji wa video, mtu wa kupandisha nyimbo mtandaoni. Dogo asiyejua kuimba ana sehemu yake kabisa kwenye gemu hili. Ila aingie akijua yaliyomkuta mpiga gita na fundi mitambo. Kipaji kinakufungulia mlango wa studio. Karatasi iliyosainiwa ndiyo inakulipa ukishatoka.